Naombeni ushauri, hofu ya mashine ya kusafisha damu inanimaliza

pwani_kimya: Wakuu habari za usiku, nimekwama jamani. Nina miaka 41, figo zote zimegoma, presha ilinila taratibu miaka na miaka mimi nikijua ni uchovu wa kazi. Huu ni mwezi wa 11 tangu nianze mashine, Jumanne Alhamisi na Jumamosi, masaa 4 kila nikienda. Sindano nimezizoea. Shida ni usiku wa kuamkia, silali, moyo unaenda mbio, nawaza presha ikishuka nikiwa pale itakuwaje, na jamaa wa kitanda cha dirishani siku hizi simuoni, hakuna aliyetuambia kitu na sisi hatukuuliza. Nyumbani mke ananipimia maji kwa kikombe, hospitali wananipima kilo, bima nayo ina yake. Mwili wangu ila sina kauli. Mnaopitia hii mnatulizaje akili?

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Sali kabla ya kulala, chumvi acha kabisa, kula mchicha uongeze damu.

fundi_friji: Bi Mkubwa mchicha kwa hawa watu ni mpaka uchemshwe na yale maji yamwagwe, una potasiamu nyingi, madini ambayo figo zikigoma yanajaa kwenye damu. Mzee wangu alisafisha miaka 3, saa kumi alfajiri tuko kituoni tunagombea daladala, na pamoja na kukatazwa kote siku moja tukamkuta na madafu mawili uvunguni, alitukalia na kusema haya yangu msiguse. Tulicheka ila usiku ule ule tulimkimbiza hospitali.

Chale: Si upandikize mkuu? Muhimbili walianza 2017, Benjamin Mkapa Dodoma 2018, sio lazima India tena.

pwani_kimya: Ndugu wa kutoa figo hajapatikana. Naomba tujibu la hofu.

mama_zamu: Nimefanya kazi kwenye hizo mashine. Mara ya mwisho umeenda lini?

pwani_kimya: Naenda kawaida.

mama_zamu: Nimeuliza lini. Leo Jumatatu.

pwani_kimya: Alhamisi. Haya basi nasema, Jumamosi siendi, mwezi sasa. Msinirukie. Natoka nyumbani kama kawaida, nauli nachukua, nakaa Feri naangalia boti mpaka saa nane narudi. Kuna mzee kanipa dawa ya mizizi nakunywa asubuhi na jioni, mkojo umeanza kutoka kidogo, na Ijumaa usiku nalala kama mtoto mchanga. Katika wiki nzima hiyo ndio siku pekee ninayoamua mimi, nyie wenye figo hamuwezi kuelewa.

mama_zamu: Kaka, Alhamisi mpaka Jumanne ni siku 5. Potasiamu ikipanda haiumi, inaweza kusimamisha moyo bila kukupa taarifa. Hayo mapigo ya usiku unayoyaita hofu huenda sio hofu peke yake. Ukilala chali pumzi inatosha?

pwani_kimya: Nalalia mito mitatu.

Kipanga: Wakuu tusipoteze muda, hapa hakuna mgonjwa. Mwanzo halali, sasa analala kama mtoto. Mkojo umeanza kutoka! Huyu ni muuza mizizi, subirini kesho aweke namba.

Chale: Hata mimi ile ya Feri imenikaa kama hadithi.

pwani_kimya: Nimetaja jina la dawa? Nimeweka namba? Ningekuwa natunga ningejitungia ujasiri, sio kumdanganya mke wangu nauli. Njoo ushike mkono wangu wa kushoto hapa walipounganisha mshipa, unatetemeka kama simu iliyozimwa sauti ikipigiwa, usiku mzima nausikia nikiulalia.

Kipanga: Mzee kakuuzia bei gani?

fundi_friji: Kipanga kaa pembeni kwanza.

mama_zamu: Mimi namjibu kama mgonjwa. Kaka usisubiri Jumanne, nenda dharura usiku huu, waambie umeruka na utaje mizizi, wakupime potasiamu na moyo. Hayo mengine ya kauli yapo. Jumamosi inakubana? Omba wakubadilishie siku au zamu, nafasi zikipatikana watu wanabadilishiwa. Waulize uzito wako bila maji ya ziada ni kilo ngapi, ununue mzani ujipime mwenyewe kila asubuhi. Majibu ya damu ya kila mwezi dai uyaandike kwenye daftari lako. Na huyo wa dirishani uliza, huenda kahamishwa kituo.

pwani_kimya: Kubadili siku sikujua kama inaombwa. Nilijua ukipangiwa umepangiwa. Ila nikienda sasa hivi nitamwambia nini mke wangu.

fundi_friji: Uko upande gani? Nina bajaji, njoo faragha.

Kipanga: Kama ni kweli mkuu nenda.

pwani_kimya: Nimemuamsha nimemwambia yote mpaka ya Feri. Hajasema neno, anatafuta kadi ya bima.