Re: Mchango wa watoto wa Kilolo, ni lazima?

Kamwene ndugu zangu,

Tunabishana kama sisi tulio Uingereza tuwachangie watoto waliodumaa wa Kilolo, Iringa. Kaka wa Leicester anasema anamtumia mama yake hela kule Ilula, analipia wapwa ada, basi watoto wa watu asiowajua ni kazi ya serikali. Shikamoo kaka, ila hapo sikubali.

Hela zetu humfuata anayepiga simu. Anayepiga ana simu, ana salio, ana namba yako, na mara nyingi shida yake ni bati au harusi. Kadi ya mchango wa harusi tunailipa bila kuuliza bibi harusi ni wa ukoo gani. Mtoto aliyedumaa ndiye tunamuuliza ukoo?

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4. Nchi nzima ni 30. Na hii ndiyo mikoa inayoilisha nchi! Malori ya mahindi yamejaa Makambako, maparachichi yanavuka bahari, mtoto wa mkulima anakunywa uji mtupu. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mdogo kaachiwa dada yake na kiporo, mayai yameuzwa barabarani ipatikane hela ya sabuni. Kwa hiyo lile wazo la kununua magunia ya mahindi mimi silitaki (samahani kwa aliyelileta). Mahindi wanayo.

Napendekeza kila mmoja atoe kiasi kile kile cha kadi ya harusi. Tununue matetea, mbegu za maharage na karanga, kwa kaya zenye wajawazito na watoto wa chini ya miaka miwili, maana siku 1,000 za kwanza zikipita, urefu uliopotea ni vigumu kurudi. Majina watupe wahudumu wa afya wa kijiji, wanaopima watoto Siku ya Afya na Lishe. Tusiwaulize ndugu zetu. Watatuandikia ndugu zao.

Dada wa Reading

---

Marahaba mdogo wangu.

Hayo ya ukoo umenishika. Lakini matetea bila chanjo ni kulisha mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku. Mama yangu alibaki na jogoo mmoja banda zima. Chanjo yake ni ya matone ya jicho, inarudiwa kila miezi mitatu, na lazima awepo mtu wa kuipeleka na kuitunza kwenye ubaridi. Weka gharama hiyo kwenye bajeti, na jina la atakayechanja. Ukiileta, kadi yangu andika "double".

Kaka wa Leicester