Mjadala: Konvokasio (wito) ya OPJ, polisi wa upelelezi, kwa deni la 2018, tulipe ao tukatae?

Mwalimu, Katuba
Wandugu wa hapa Lubumbashi, Kongo, nipeni mawazo. Mwaka 2018 mke wangu alipasuliwa, nikakopa dola 200 kwa papa (mzee) mmoja wa Banque Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hapa kartie. Masharti mnayajua: mwezi ukiisha unarudisha 300. Sikuweza. Akashika karte yangu ya benki pamoja na kode, akawa anatoa mshahara wote, kama dola 120 kila mwezi, miezi saba. Siku moja akanirudishia karte, akasema, "Mwalimu, tumemalizana." Karatasi hakuandika, na mimi kwa furaha sikuomba.

Yule papa amefariki. Mwezi uliopita kijana nisiyemjua alikuja na kaye (daftari la madeni) ya zamani, anasema ameinunua kwa familia na humo nimebakiza dola 1150. Amekuja mara mbili saa ya bukari (ugali), yeye na polisi wawili, wakasimama uani mbele ya wapangaji wote. Sasa nimepata konvokasio ya OPJ: abus de confiance, yaani kula kitu ulichoaminiwa. Pembeni kijana ananiambia nitoe 20 ya usafiri kwanza, mengine tutaongea. Nauliza: OPJ anaingia wapi kwenye deni la watu wawili?

Mama wa unga, soko la Kenya (la hapa Lubumbashi)
Anaingia pale mdaiwa anapozima simu. Mwaka jana nilimpa mteja magunia 12 ya unga wa Kasumbalesa, mtu tuliyekaa naye matanga. Akapotea. Nikaenda kwa avoka (wakili): pesa ya kufungua faili, pesa ya wisie (mpeleka hati za mahakama), tarehe inasukumwa, nyingine inasukumwa. Nilipomwita kwa OPJ, alileta nusu ndani ya siku tatu. Nyinyi wakopaji mnaikumbuka sheria siku ya kulipa tu. Kukopa arusi, kulipa matanga.

Mzee wa kanisa, Ruashi
Mwalimu, toa kidogo upate amani. Jina lako kartie lina bei kuliko dola.

Mstaafu, Kamalondo
Mzee, amani ya kununua hiyo kila mwezi itarudi kuomba nyongeza. Na wewe Mama, pole kwa unga, lakini kumbuka mwaka 2003: wazee zaidi ya elfu kumi wa kampuni ya shaba walirudishwa nyumbani, wengi wakiwa wanadai mishahara ya miezi na miezi. Nani alilala kasho (mahabusu) kwa deni hilo? Kasho inawajua wadogo.

Mwanafunzi wa sheria
Tuanze na OPJ. Abus de confiance ni kifungu cha 95 cha kode (sheria) ya makosa: umepewa kitu ukirudishe ao ukitumie kwa kazi fulani, wewe ukakila. Mkopo si hivyo. Pesa ya mkopo ukishaipokea ni yako, unadaiwa thamani yake tu, na hiyo ni kesi ya madai. Nchi yetu imo pia, tangu 1976, katika mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa. Kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Na hata kwa kosa la kweli, Katiba, kifungu cha 18, haimruhusu OPJ kukushika zaidi ya saa 48.

Kwenye umri wa deni ndipo kijana anajitega. Kode yetu ya mapatano, ile ya 1888, inatoa miaka 30. Lakini tangu Septemba 2012 tuko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, na humo deni lililotokana na biashara, hata kati ya mfanyabiashara na mtu wa kawaida, linakufa baada ya miaka 5. Akisema marehemu alikuwa mfanyabiashara, muda umepita. Akisema hakuwa, aeleze alikopesha kartie nzima kwa riba kwa kibali gani cha Banque Centrale.

Ila sikia vizuri, mwalimu: ile 20 usitoe, na usisaini kitu. Watakuwekea mbele karatasi inayoanza "Mimi fulani natambua kwamba nadaiwa…" Ukisaini hapo, miaka yote iliyopita haitakusaidia tena. Lakini konvokasio usiikimbie, wasipate sababu ya kukuletea mandat (amri ya kukukamata). Nenda na mtu, saa ya mchana.

Mama wa unga, soko la Kenya
Na mimi niliyekopesha bila riba hata franka moja? Sheria yako ina kitu changu?

Mwanafunzi wa sheria
Ipo, Mama. Kwa OHADA unaomba kwa hakimu amri ya kulipa, naye anaitoa bila kumwita mdaiwa kwanza, mradi deni ni la hakika, kiasi kinajulikana na siku yake imefika. Alikusainia bon (risiti) ya magunia?

Mama wa unga, soko la Kenya
Bon gani? Tuliandikiana kwa mdomo.

Kontabu, Kampemba
Nimekaa na kalkuleti, na sitoi riba yake, naiacha hivyo hivyo, 50 kwa mia kila mwezi. Mwezi wa kwanza 300, katoa 120, zimebaki 180. Wa pili 270, zimebaki 150. Wa tatu 225, zimebaki 105. Wa nne 157 na nusu, zimebaki 37 na nusu. Wa tano deni ni 56 na kidogo, yeye katoa 120! Mwezi wa sita na wa saba alikula bure. Mwalimu, kwa hesabu ya mnyonyaji mwenyewe, wewe ndiye unayedai: karibu dola 304.

Niliyeacha kazi hiyo
Nilizunguka na kaye za namna hiyo miaka miwili. Kaye ya marehemu tulinunua bei ya sukari. Hatukutafuta wenye deni kubwa, tulitafuta wenye haya: walimu, mashemasi, wake za wachungaji. Tulienda saa ya bukari kwa sababu majirani wote wako uani. Aliyesema "fungua kaye tuhesabu" hatukurudi kwake.

Mzee wa kanisa, Ruashi
Mashemasi! Haya, nimenyamaza.

Mwalimu, Katuba
Nimetoka huko sasa hivi. Nilikwenda na shemeji, na karatasi ya benki inayoonyesha kila pesa iliyotoka ile miezi saba. OPJ aliisoma mara mbili, akaomba kaye. Kijana akasema ameisahau nyumbani. Tumeambiwa turudi siku ya ine (Alhamisi). Nilimuuliza juu ya zile 304, OPJ akacheka, akasema hiyo si kazi yake, niende tribinali.

Mama wa unga, soko la Kenya
Umeona? Na wewe sasa wanakutuma tribinali. Ukipata avoka wa bei nzuri niitie, magunia yangu 6 bado yako nje.