Bodi ya jiji ina mamlaka gani hasa juu ya barabara, majengo ya umma na malalamiko ya mitaa?

Mkazi wa Kona (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa. Jiji ninaloishi lina bodi ambayo, kwa maelezo yake yenyewe, husimamia barabara, majengo ya umma na kero za mitaa. Mtaani kwetu mkandarasi wa mabomba alichimba barabara akaifukia, na sasa pale alipofukia pamedidimia, maji ya mvua yanatuama na kuingia kwenye ua wa ukumbi wa jamii, ambao paa lake nalo linavuja. Nilipopeleka malalamiko nilijibiwa kwamba barabara ni kazi ya wahandisi, ukumbi uko chini ya idara ya majengo, uchimbaji ni suala la mkandarasi, na bodi "imeshaarifiwa". Ikiwa kila kipande kina mwenyewe, bodi inasimamia nini? Na mwananchi mwenye kero inayogusa idara tatu kwa mpigo aanzie wapi?

Karani wa Vikao

Ndugu mleta mada, bodi haishiki koleo wala haimtumi fundi kupanda juu ya paa, na kwa maana hiyo walichokujibu si uongo. Walichokuficha, au labda wao wenyewe hawakukifikiria, ni kwamba idara zote tatu hupita kwenye meza moja, na meza hiyo ndiyo bodi.

Chukua mfano wa Los Angeles, ambako bodi ya kazi za umma ina makamishna watano wanaoteuliwa na meya na kuthibitishwa na baraza la jiji. Chini yake ziko ofisi za uhandisi, huduma za barabara, taa za barabarani, usafi wa mazingira na usimamizi wa kandarasi. Makamishna hao si mafundi, wala si lazima wawe wahandisi. Nguvu yao inatokana na kwamba wao ndio wanaoidhinisha zabuni itangazwe, wanaompa mshindi kandarasi, wanaokubali mabadiliko ya kazi yanapoombwa katikati ya mradi, na hatimaye wanaoipokea kazi kwamba imekamilika. Miji mingine huigawa kazi hii kwa namna tofauti, na kuna mahali ambapo bodi hutoa ushauri tu, lakini penye bodi yenye meno utayakuta meno hayo kwenye zabuni, kibali na malipo.

Kwa hiyo swali la kwanza kuliuliza kuhusu bodi yoyote ni kama inaamua au inashauri. New York ina bodi 59 za jamii, kila moja ikiwa na wajumbe wasiolipwa wanaoweza kufikia 50, na kila mwaka huandika mahitaji ya eneo lao na kuyapeleka kwa idara kabla bajeti haijapangwa. Bodi hizo hazina amri juu ya idara yoyote. Hata hivyo ombi la kutengeneza mtaro lililoandikwa humo lazima lijibiwe na idara husika, na jibu hilo, hata likiwa la kukataa, ni maandishi ambayo mkazi anaweza kurudi nayo mwaka unaofuata.

Swali la pili ni ajenda. Watu wengi huenda kikaoni, husimama wakati wa maoni ya wananchi, hueleza kero yao kwa ufasaha, kisha hushangaa kwamba wajumbe wamewasikiliza kimya na kuendelea na jambo jingine. Mara nyingi ukimya ule si dharau. California, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1953 inayotaka ajenda ya kikao cha kawaida cha chombo cha umma, kama bodi au baraza, ibandikwe saa 72 kabla, na kwa kawaida inazuia chombo hicho kuamua jambo ambalo halikuwamo kwenye ajenda. Sheria hiyo hiyo inampa mwananchi haki ya kuzungumza. Kusema unaweza papo hapo, ila uamuzi lazima usubiri jambo hilo liwekwe kwenye ajenda, na anayeliweka ni mwenyekiti, katibu au mjumbe aliyeombwa mapema. Ukitaka bodi iamue, mwandikie katibu kabla ajenda haijafungwa.

Mhandisi Mstaafu

Naomba nizungumzie shimo lenyewe, maana humo ndimo mamlaka ya bodi yanapoonekana kwa macho.

Handaki la bomba likichimbwa barabarani hufukiwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya jingine kumwagwa juu yake. Fundi mwenye haraka humwaga udongo wote kwa mara moja, hupitisha mashine juu, huweka lami, na siku ya ukaguzi uso unang'aa. Chini yake udongo umejaa nafasi za hewa. Magari yanapita, maji yanapenya kwenye ule mshono ambapo lami mpya inakutana na ya zamani, udongo unajipanga upya, na uso unashuka. Alichokiona ndugu yetu ndicho hicho, na hakuna haja ya kutafuta sababu ya mbali. Kulifunika bonde hilo kwa lami zaidi ni kupoteza fedha, kwa kuwa udongo uliolegea bado uko chini. Dawa ni kufukua hadi kwenye udongo ulioshikamana na kushindilia upya.

Sasa bodi inaingia wapi? Inaingia mara mbili. Mwanzoni, kibali cha kuchimba hutolewa kwa masharti, na mahali pengi mwombaji huweka dhamana. Mwishoni kuna muda wa matazamio, ambao mkandarasi anawajibika kurudi kurekebisha kasoro kwa gharama yake, na katika kandarasi za ujenzi sehemu ya malipo huzuiliwa hadi muda huo uishe. Ukipita bila mtu kuandika kasoro, dhamana inarudishwa, na kuanzia hapo shimo ni la jiji, yaani ni la walipa kodi. Kwa hiyo usiulize tu nani alichimba. Uliza kibali kilitolewa lini na matazamio yanaisha lini, maana tarehe hizo mbili zina uzito kuliko barua kumi za kulalamika.

Kuhusu paa nina machache. Majengo ya umma huharibika zaidi kwa matengenezo madogo yaliyoahirishwa kuliko kwa uzee. Mifereji ya paa isiposafishwa, maji hurudi nyuma, mbao zinaoza, dari inaanguka, na kazi iliyokuwa ya ngazi na mtu mmoja inakuwa mradi wa kutangaza zabuni. Ombeni orodha ya ukaguzi wa hali ya majengo. Kama haipo, hilo lenyewe ni jambo la kuliuliza kikaoni.

Msomaji wa Historia ya Miji

Nawaheshimu waliotangulia, lakini nadhani mmeipamba bodi kupita kiasi. Kilio cha mleta mada, kwamba kila mtu anamiliki kipande na hakuna anayemiliki kero yote, ni kasoro ya zamani ya kutawala jiji kwa kugawana idara.

Mwaka 1900 kimbunga kiliusambaratisha mji wa Galveston, Texas, na kuua watu wasiopungua 6,000. Mwaka uliofuata mji ukaweka uongozi wa makamishna watano, ambao kila mmoja, mbali na yule aliyekuwa mkuu wao, alishika fungu lake: fedha na mapato, polisi na zimamoto, maji na majitaka, barabara na mali ya umma. Mfumo huo ulienea katika mamia ya miji ya Marekani, na kwa ujenzi mpya baada ya maafa ulifaa sana, kwa kuwa mwananchi alijua kamishna wa barabara ni nani na mlango wake uko wapi. Tatizo lilijitokeza baadaye. Kamishna wa barabara alilinda fungu lake, wa maji alilinda lake, na kero iliyokaa katikati yao ilibaki bila mlezi. Dayton, Ohio, baada ya mafuriko ya 1913, ilichagua njia nyingine ya kuajiri meneja mmoja wa jiji anayezisimamia idara zote na kuwajibika kwa baraza. Portland, Oregon, iliushikilia mfumo wa makamishna kwa zaidi ya karne moja. Wapiga kura wakaukataa mwaka 2022, na Januari 2025 jiji likaanza na baraza la wajumbe 12 pamoja na msimamizi mkuu wa shughuli za kila siku.

Maoni yangu ni kwamba penye meneja au mkurugenzi, barua ya kero ya idara tatu iende kwake kwanza. Bodi ipewe nakala.

Karani wa Vikao

Historia nakubaliana nayo, lakini sikubali kwamba bodi ipewe nakala tu. Mkurugenzi anaweza kuziamuru idara tatu zikutane kesho asubuhi, na mara nyingi hilo linatosha. Hawezi, hata hivyo, kujikagua mwenyewe hadharani. Kikao cha bodi kina muhtasari unaohifadhiwa, na mjumbe akiuliza "kibali cha mtaa huu kimefikia wapi?" afisa atajibu mbele ya watu na jibu lake litaandikwa. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba afisa aliyejibu kwa maandishi huwa na kumbukumbu nzuri kuliko aliyejibu kwa simu.

Mkazi wa Kona

Nashukuru sana, wakuu. Limebaki moja. Malalamiko yangu yote niliyatoa kwa kupiga simu kwenye kituo cha huduma, na kila mara nilihakikishiwa kwamba yamepokelewa. Je, kuna tofauti yoyote ya kweli kati ya simu na maandishi, au ni mazoea ya ofisi tu?

Mwanasheria wa Mitaa

Tofauti ipo, ingawa ukubwa wake unategemea sheria ya mahali. Mfano mkali zaidi ninaoujua ni New York. Mwaka 1979 jiji hilo liliweka kanuni kwamba mtu aliyeumia kwa ubovu wa barabara au njia ya waenda kwa miguu hawezi, kwa kawaida, kulidai jiji fidia isipokuwa jiji liliarifiwa kwa maandishi kuhusu ubovu huo na zikapita siku 15 bila kurekebishwa. Mawakili wa madai walijibu kwa werevu: waliunda shirika lililotuma watu kuzikagua njia mtaa kwa mtaa, wakachora ramani zenye alama kwa kila ufa na kila shimo, wakaziwasilisha kwa jiji. Kuanzia hapo jiji halikuweza tena kusema halikujua kuhusu ubovu uliotiwa alama.

Uingereza imekwenda kwa mlango mwingine. Sheria ya barabara ya 1980 inaipa mamlaka ya barabara wajibu wa kuzitunza, kisha inairuhusu kujitetea mahakamani ikithibitisha kwamba ilichukua tahadhari ya kutosha kulingana na hali. Hapo mzozo unahamia kwenye daftari la ukaguzi: barabara ilikaguliwa lini, na baada ya taarifa kuingia kilifanyika nini. Taarifa yako ikiwa na tarehe na namba, inasomwa sambamba na daftari hilo.

Simu za kituo cha huduma si bure, maana zikipewa namba ya kumbukumbu nazo ni ushahidi wa kiasi fulani. Lakini mpokeaji huandika alichoelewa yeye, na "maji yanatuama" huweza kuingizwa kwenye mfumo kama "mtaro umeziba", kikosi kikatumwa, kikaukuta mtaro ni mzima, na taarifa ikafungwa siku hiyo hiyo.

Andika barua moja, si tatu. Eleza mahali kwa kutumia kitu kisichohama, kama namba ya nguzo ya taa iliyo karibu, na upime urefu na kina cha bonde. Ambatisha picha iliyopigwa mvua ikinyesha na nyingine pakiwa pakavu. Omba mambo matatu kwa maneno yaliyo wazi: nakala ya kibali cha uchimbaji, tarehe ya kuisha kwa matazamio, na ukaguzi wa pamoja wa wahandisi na idara ya majengo. Iandike kwa mkurugenzi, nakala kwa katibu wa bodi, ukimwomba katibu aiingize kwenye ajenda ya kikao kijacho, na upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala utakayobaki nayo. Ombi la paa litaje mwaka wa bajeti unaolengwa, la sivyo litajibiwa kwamba fedha za mwaka huu zimekwisha kupangwa, na jibu hilo litakuwa sahihi.