Ulitoka Wakanda Forever na moyo gani? Tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Nina dukuduku la tangu Novemba 2022, leo nalitoa.

Filamu ya Black Panther ya 2018 niliiona mara tatu. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, alipofariki Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani ya utumbo mpana aliyoificha tangu 2016 huku akiendelea kuigiza, nililia kama nimefiwa na mtu wa nyumbani. Mwongozaji Ryan Coogler alishaandika hadithi nyingine ya T'Challa, ikabidi aiweke kando aanze upya. Kwa hiyo siku naenda kuiona hii ya pili, Wakanda Forever, na mdogo wangu wa kike, tulikwenda kuzika.

Na mwanzoni tulizika kweli. Shuri, mdogo wake T'Challa, yuko maabara anahangaikia dawa ya kaka yake, mama yake anaingia, uso unasema kila kitu. Halafu mji mzima umevaa nyeupe, ngoma zinalia, jeneza linapandishwa juu. Nembo ya Marvel ikapita kimya, picha za Boseman peke yake. Ukumbini hakuna aliyetafuna bisi. Mdogo wangu alinishika mkono.

Baada ya hapo msiba ukaachwa njiani. Mara tuko Boston tunakimbizana na magari kwa ajili ya Riri, mwanafunzi ambaye tangu anaingia unaona anaandaliwa tamthilia yake (ikaja kweli, Ironheart, 2025). Mara Ross wa CIA anavutana na mtalaka wake. Dakika 161, na kila nikitaka kukaa na Shuri kwenye uchungu wake nahamishwa. Kwetu mtu akifiwa, hata anayemdai husubiri matanga yaanuliwe. Namor, mfalme wa chini ya bahari anayepigana na Wakanda, sina neno naye. Kisa cha watu wake kuingia baharini wakikimbia ndui na Wahispania kilistahili filamu yake chenyewe.

Karibuni. Sitaki alama ngapi kwa kumi. Niambie ulikaa na nani, na moyo ulianguka wapi.

Fundi cherehani, Kisumu

Februari 2018 ile ya kwanza ilipoonyeshwa hapa Kisumu, kwao Lupita Nyong'o aliyemwigiza Nakia, nilishona mpaka vidole vikafa ganzi. Kila mtu alitaka vazi la kwenda nalo. Ruth E. Carter alipata Oscar kwa mavazi ya ile, akapata tena kwa hii, na kwa zile nguo nyeupe za mazishi namvulia kofia.

Mimi moyo ulianguka kwa Okoye, kamanda wa Dora Milaje, askari wanawake wa Wakanda. Malkia anamvua cheo mbele ya watu, Okoye analia, nami nalia naye, nikasema sasa atarudi kivingine. Akarudi ndani ya vazi la chuma la buluu, kofia imefunika uso. Jamani! Yale mekundu ya Dora Milaje yana shanga, yana pete za shingo, unaona mkono wa fundi pale. Hili la buluu nililitafuta mshono sikuuona. Na mteja hajaja hata mmoja kuniambia nishonee lile.

Mwenye banda la video, Mwanza

Mkuu, mimi niliionyesha bandani. Kule chini ya bahari hatukuona kitu, watu wakanilalamikia projekta. Nikaja kuirudia kwenye simu ya shemeji, giza lilelile.

Ila kilichoniuma ni watoto wa mbele. Filamu imepita nusu, kadogo kamoja kananiuliza, "Black Panther anakuja saa ngapi?" Nikamwambia alishakufa, umeona jeneza. Akasema hapana, si aligeuka majivu kwa Thanos akarudi? Na kweli, kwenye filamu za Avengers, 2018 alipotea, 2019 akarudi, mtoto ameona zote mbili hapahapa kwangu. Ikabidi nisimame nje naye nimweleze kuwa safari hii aliyekufa ni mtu mwenyewe. Hakurudi ndani.

Mleta mada

Hii ya mtoto imenikata maini, kaka.

Dada wa Tanga

Natofautiana na mleta mada kwa heshima. Nilizika kaka yangu 2021. Siku ya tatu tu, turubai halijashushwa, nilikuwa natafuta kadi ya pikipiki yake na watu wanagombania kiwanja. Hakuna aliyenisubiri nilie nimalize. Kwa hiyo Shuri kukimbizwa huku na huku, mimi nilimuelewa sana, ndivyo inavyokuwa.

Mimi waliniumiza kwa Malkia Ramonda, mama yake Shuri. Angela Bassett aliyemwigiza ameibeba filamu mabegani, anakufa maji akimwokoa mtoto wa watu, halafu tunaharakishwa kwenda vitani. Binti amebaki peke yake duniani, baba, kaka, sasa mama, na sisi tunaonyeshwa meli na mikuki.

Lakini mwishoni, ufukweni Haiti, Shuri anachoma ile nguo nyeupe, anakaa, anamkumbuka kaka yake bila sauti yoyote. Hapo ndipo nililia kilio ambacho sikulia makaburini. Sikutaka kitu kingine. Muda si muda Nakia, mpenzi wa T'Challa, akaja na mtoto wao, ukumbi ukashangilia, taa zikawashwa. Mimi nilikuwa bado niko pale kwenye moto, nilitamani waniache nao kidogo.