Acheni kubandika daraja la umri la Marekani kwenye kila toleo la gemu!

Wakuu, hili sasa limezidi. Kwenye kanzidata yetu ya makusanyo kuna rekodi za matoleo ya Japani na Ujerumani ambazo sehemu ya daraja la umri imeandikwa M ya ESRB, bodi ya Marekani. Ukiangalia picha ya kava iliyopakiwa hapo hapo kwenye rekodi, unaona alama ya CERO (bodi ya Japani) au ya USK (bodi ya Ujerumani) imekaa wazi kabisa! Mtu kakopi kutoka toleo la Marekani, kabandika kote, kachukua pointi zake za mchango, kaondoka.

Daraja ni la toleo, si la gemu. ESRB, PEGI (ya nchi nyingi za Ulaya), USK na CERO ni bodi nne zenye vigezo tofauti, na hakuna jedwali la kubadilisha daraja la moja liwe la nyingine. M ya ESRB inaanzia miaka 17. PEGI haina 17 kabisa, kwa hiyo mnaoandika M mkikuta PEGI 16 au 18 mnabuni. Halafu wapo wanaokuta PEGI 4 au 6 kwenye kava la Ureno na "kusahihisha" kuwa 3 na 7. Si kosa la uchapaji! Ureno walitumia 4 na 6. Rudisheni.

Herufi M yenyewe ni balaa. M ya Australia ni ushauri tu, kwamba gemu inafaa kuanzia miaka 15, na haimzuii mtoto kununua. Inayozuia kisheria ni MA15+. Nayo kampuni ya magemu ya Sega ilipoanzisha baraza lake la madaraja mwaka 1993, kabla ya ESRB, ilikuwa na GA, MA-13 na MA-17. Orodha yetu ya kuchagua inaonyesha "M" na "MA" bila jina la bodi. Mliotegemea watu wachague sahihi hapo mlitegemea nini?

Kuna uongo unaonaswa kwa tarehe peke yake, na inauma kuona mfumo unaupokea. E ya ESRB (kwa kila mtu) ilichukua nafasi ya K-A (watoto hadi watu wazima) mwaka 1998. Katriji ya 1996 yenye K-A inabaki K-A, hata kama leo tovuti ya bodi inaonyesha E. (Toleo la 3DO lenye E kabla ya hapo msiliguse, maana konsoli ile ilikuwa na mfumo wake wenyewe, na E ilikuwemo.) E10+ ilianza 2005, kwa hiyo haiwezi kuwa kwenye kava lililochapwa 2001. PEGI ilianza 2003. Kava la Uingereza la kabla ya hapo lina alama ya ELSPA au ya BBFC, na BBFC iliendelea kuonekana kwenye magemu hadi 2012, kwa hiyo 18 ya duara jekundu msiiandike PEGI 18. CERO ilianza kutumia herufi A, B, C, D na Z mwaka 2006. Kabla yake kulikuwa na 18 ya jumla, na hamna ruhusa ya kuigeuza kuwa Z kwa kukisia, kwa sababu 18 ile ya zamani ndiyo iliyogawanywa kuwa D (miaka 17) na Z (miaka 18).

Hata ndani ya nchi moja, bodi moja, daraja hubadilika. Gemu ya Oblivion ilitoka Marekani mwaka 2006 ikiwa T (kuanzia miaka 13), na Mei mwaka huo huo ESRB ikaipandisha kuwa M. Makava ya T yapo mikononi mwa watu. Grand Theft Auto: San Andreas ilivuliwa M ikapewa AO (watu wazima tu) Julai 2005 kwa maudhui ya ngono yaliyofichwa ndani yake, kisha toleo lililoondolewa maudhui yale likarudi M. Hizo ni rekodi tofauti. Anayeziunganisha kuwa moja anafuta kitu ambacho mkusanyaji anakitafuta.

Lakini kinachonikasirisha kuliko vyote ni RP. Hiyo maana yake daraja bado linasubiriwa, na huwa kwenye picha za matangazo. Watu wanachukua picha ya tangazo badala ya kava la dukani, wanaandika RP, na mfumo unaihifadhi kama umri 0. Matokeo yake gemu ya damu na bunduki inatokea kwenye kichujio cha watoto wa miaka 6! Mzazi anayetumia kichujio kile anatuamini sisi. RP, "haina daraja" na "haijulikani" ni vitu vitatu, na hakuna hata kimoja ambacho ni sifuri.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Shika kava, piga picha ya mbele, mgongo na nyuma. Andika jina la bodi, kisha alama kama ilivyochapwa, kisha maelezo ya maudhui neno kwa neno: "Blood" (damu) na "Blood and Gore" (damu na viungo vilivyokatwakatwa) ni vitu viwili kwa ESRB. Taja chanzo, kava au tovuti ya bodi. Kava la Kijerumani likiwa la kugeuzwa (karatasi yake imechapwa pande zote mbili), ligeuze, maana upande wa pili mara nyingi hauna nembo ya USK na hapo ndipo mnapoandika "haina daraja". Na msitegemee namba ya diski pekee. SLES kwenye diski ya PlayStation inakwambia Ulaya, haikwambii kama kava ni la Uingereza au la Ujerumani.

Kwa wasimamizi: zimeni ujazaji wa moja kwa moja wa sehemu hii leo. Bodi na alama zihifadhiwe kama maandishi, umri wa chini uhesabiwe na mfumo kutokana na hivyo viwili, na kwa RP umri ubaki tupu. Mabadiliko yote ya daraja yaliyoingizwa kwa mkupuo bila picha ya kava yarudishwe yalivyokuwa, na rekodi zikae bila daraja mpaka mwenye kava atokee.