Mafundi pikipiki, acheni kufunga injini kwa kubahatisha!

Wakuu, uzi huu nauelekeza kwa mafundi wa pikipiki, na nauandika kwa hasira. Kufungua injini hata mtoto anaweza akipewa spana. Ufundi unaonekana kwenye kufunga, na hapo ndipo mnapowaumiza watu. Pikipiki inaingia gereji ikitoa moshi kidogo, inatoka inagonga, inavuja oili na thredi mbili zimekufa. Dereva wa bodaboda aliye kwenye mkataba, hesabu ya bosi haimsubiri. Analipia kosa lile lile mara mbili, na mara ya pili anaambiwa spea za siku hizi ni feki. Spea feki zipo, sikatai. Lakini spea feki haiui thredi za injini. Anayeziua ni mkono wa fundi.

Natumia mfano wa injini ya aina ya CG125, ile ya pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu) iliyobuniwa na Honda na ambayo viwanda vya China vinaitoa kwa majina kibao, kwa sababu imejaa mitaani.

Kwanza uchafu. Injini inafunguliwa pembeni ya barabara ya vumbi, haijaoshwa hata kwa nje. Hedi ikinyanyuliwa, matope yaliyoganda kwenye mapezi yanadondokea ndani. Vipuri vinalazwa juu ya kiroba na kufutwa kwa tambara lililotoka kufuta cheni. Mchanga ukikaa kati ya ringi na ukuta wa silinda unachora mistari kila pistoni inapopanda na kushuka, na moshi unarudi upesi wakati mteja ametoka kununua ringi mpya. Osha injini kwa nje, ikauke, ndipo ufungue. Kabla hujagusa klipu ya pini ya pistoni, ziba mdomo wa krankikesi, yaani kasha la chini la injini, kwa kitambaa safi, maana klipu ikiruka ikazama humo utaipasua injini nzima kuitafuta. Na klipu ya zamani hairudishwi. Iliyochoka ikichomoka, pini inasogea pembeni na kulima silinda, bloku (kipande chenye silinda) kwisha.

Sasa ringi, na hapa ndipo mnaponiudhi kuliko kote. Ringi zinatolewa kwenye boksi na kuvalishwa bila kupimwa. Fundi, ingiza ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa silinda ya milimita 56.5, mwanya mzuri ni kati ya milimita 0.15 na 0.35. Ukiwa finyu mno, injini ikipata moto ncha zinagongana na ringi inakwaruza ukuta. Ukifika 0.5 na ringi ni mpya ya saizi yake, silinda imelika, na hakuna ringi itakayoiponya. Bloku ikachongwe, iwekwe pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25 au 0.50. Wengi wenu mnalijua hili, mnanyamaza, mnafunga, mnachukua hela. Huo ni wizi. Wakati wa kuvalisha, herufi iliyochapwa kwenye ringi inatazama juu, mianya inapishana kwa theluthi ya duara, na alama ya IN kichwani mwa pistoni inaelekea upande wa kabureta. Paka oili safi, usisukume kwa nguvu. Ringi ikigoma kuingia, kuna mahali imenasa.

Kukaza. Mnakaza mpaka mshipa wa shingo utoke, halafu mnasifiana kwamba fundi fulani ana mkono mzito. Aluminiamu haitaki mkono mzito. Nati za hedi za milimita 8 zinataka Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 18 hadi 20, na bolti ndogo za milimita 6 za makava zinaridhika na Nm 10 hivi. Nati za hedi zinakazwa kwa kukingama, hatua tatu, kwa mfano Nm 8, kisha 14, kisha 20. Hata kulegeza ni vivyo hivyo, kidogo kidogo kwa kukingama, injini ikiwa imepoa. Ukilegeza upande mmoja wote hedi inapinda, na gasketi mpya haitaziba kitu. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi. Bamba la fila geji la milimita 0.10 likipenya chini yake, hedi hiyo haifungwi mpaka isawazishwe. Safisha pia matundu ya bolti yasiyotokeza upande wa pili. Oili ikijaa humo na wewe ukakaza, haina pa kwenda, inapasua chuma.

Najua jibu lenu: spana ya kupima nguvu ni ghali. Sawa. Chukueni mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Ifunge kwenye mpini wa spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, vuta huku mizani na mpini vikifanya pembe kama herufi L. Ikisoma kilo 10, umekaza karibu Nm 20. Ikisoma kilo 5, ni Nm 10. Kisingizio kimeisha.

Gundi ya gasketi mnaipaka kama siagi kwenye mkate. Inayobanwa kuelekea ndani inakatika na kutembea na oili. Kwenye injini hii oili inapita kwenye kava la kulia kuingia ncha ya kranki, kwenda beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Kipande kimoja kikiziba hapo, beringi inakauka na konrodi inaanza kugonga. Paka utando mwembamba, na pale tu panapohitaji. Na ukishafungua kava la klachi, safisha kile kikombe cha chujio kilichopo kwenye ncha ya kranki, kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni. Kuna pikipiki zimezeeka humo hamjafunguliwa hata siku moja, tope limeganda kama udongo wa mfinyanzi.

Valvu hazisetiwi kwa sikio! Injini iwe baridi, zungusha magneto mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kesi, roka zote mbili (mikono inayobonyeza valvu) ziwe na mchezo kidogo. Kama zimebana, zungusha duara moja zaidi. Weka mwanya wa milimita 0.08 kwa zote mbili, kaza nati ya kufungia, kisha pima tena, kwa sababu nati ikikaza inasogeza skrubu. Valvu ya ekzosi isiyo na mchezo haikai vizuri kwenye siti yake. Joto lake linapoteza njia ya kutokea, na inaungua ukingo.

Magneto inatolewa kwa pula, kifaa cha kuivuta, siyo kwa nyundo. Nyundo inavunja sumaku na kupindisha kranki.

Ukimaliza kufunga, usikimbilie kiki. Toa plagi, zungusha kranki taratibu kwa mkono duara mbili kamili. Ikigusa kitu, simama, fungua. Kwa injini za cheni ya taimingi kama Boxer, hili ni la lazima, na tenshena (kikaza cheni hiyo) irudishwe nyuma kabla ya kufungwa, siyo kulazimishwa kwa bolti. Plagi nayo inaanza kwa vidole mpaka ikae, kisha nusu mzunguko kwa spana kama ni mpya.

Oili iwe na alama ya JASO MA kwenye kopo, kiwango cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inaloa kwenye oili. Oili nyingi za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze, halafu mnamuuzia mteja sahani za klachi zisizohitajika. Baada ya ringi mpya, oili ibadilishwe mapema, kilomita 500 hivi, na mteja aambiwe asipakie mishikaki wala magunia kwa kipindi hicho.

Klipu ya cheni, upande uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea. Fyuzi ikikatika mnaunga waya. Siku waya huo utakapoungua, fundi atakuwa wapi?

Wateja, daini vipuri vyenu vya zamani, na muulizeni fundi mwanya wa ringi ulikuwa ngapi. Asipoweza kutaja namba, hakupima. Mwenye kitabu cha pikipiki yake apige picha ukurasa wa vipimo aweke hapa chini, ataje na modeli.