Tupeane uzoefu: siku benchi ya timu yako ya chuo ilikubeba, au ilikuzika

Mzee wa Lexington

Wakuu habari za humu. Msimu wa 2025-26 wa kikapu cha vyuo vya Marekani unaanza mwanzoni mwa Novemba na huku Lexington, Kentucky hakuna habari nyingine, ukienda kinyozi ni timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, kazini Kentucky, hata Jumapili Wakongo wakitoka ibada ya Kiswahili wanasimama parking wanabishana nani ataanza. Na ubishi wote ni wa nyota tu, dogo huyu wachambuzi wamempa nyota tano, yule nyota nne, fulani kaletwa kwa hela ndefu. Mimi swali langu ni lingine. Watano wa kwanza kila mtu anawajua, je wa saba, wa nane na wa tisa ni nani? Kwa nilivyoona mimi timu inapona au inafia hapo ikifika Machi kwenye mtoano wa ubingwa.

Nianze na ya kwangu. Kocha wetu Calipari alipohamia Arkansas Aprili 2024 Mark Pope akapewa timu akakuta hakuna mtu, waliokuwepo wengine NBA, wengine wamemfuata Cal, wengine wameingia potali, ile orodha ya wanaotaka kuhama chuo. Akaanza kuokota, Lamont Butler kutoka San Diego State, Andrew Carr Wake Forest, Otega Oweh Oklahoma, Koby Brea Dayton, Amari Williams yule Muingereza kutoka Drexel, Jaxson Robinson aliyekuwa naye BYU. Watu wakacheka. Novemba hao hao wakaichapa Duke 77-72 kicheko kikaisha.

Sasa majeraha. Desemba Kriisa mguu, Butler bega linatoka linarudi, mwishoni Robinson mkono ukafanyiwa upasuaji, yaani gadi watatu. Wakaingia madogo wa hapa hapa jimboni, Trent Noah wa Harlan County na Travis Perry ambaye ndiye mfungaji wa pointi nyingi zaidi katika historia ya sekondari za Kentucky lakini Oktoba kwenye mijadala yetu alikuwa anatajwa kama pambo. Mechi ya Knoxville Januari tulienda bila Butler bila Carr. Nilikuwa zamu ya usiku, simu imeegemezwa kwenye boksi, supavaiza anapita kila mtu anajifanya anafanya kazi halafu na yeye anauliza matokeo. Tukashinda 78-73 kwenye uwanja wa Tennessee. Timu ile ile ikaenda hadi Sweet 16, yaani timu 16 za mwisho, kitu ambacho hatukuwa tumekiona tangu 2019.

Haya leteni za kwenu. Sio lazima Kentucky.

Lushois

Mzee asante kwa uzi. Miye ni mutu wa Lubumbashi kwa hiyo mnajua naleta nani. Oscar Tshiebwe ni mutoto ya kwetu, usiguse.

Msimu wa 2021-22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi (mipira iliyokoswa anayoidaka) 15.1, akachukua tuzo zote za mchezaji bora wa mwaka. Nyumbani kwetu mama yangu hajui sheria hata moja ya basketi lakini ikiwa Oscar anacheza anakaa mbele ya TV na ribaundi moja moja anahesabu kwa Kiswahili. Siku ya Saint Peter's tulijaa sebuleni, wajomba, mashangazi, pondu kwa meza, maana Kentucky mbegu, yaani nafasi ya kupangwa kwenye mtoano, namba 2, wale namba 15, nani angeogopa chuo kidogo cha Jersey City? Oscar siku hiyo alifunga 30 na ribaundi 16. Mutu mmoja! Na tukapoteza 85-79 kwa dakika za nyongeza.

Nani alituua? Kijana wa mustachi, Doug Edert, hakuanza hata mechi. Alitoka benchi akapiga 20. Sisi benchi yetu siku ile ilikuwa wapi sijui. Mama aliuliza swali moja tu, "hawa wengine wanakuja kumutazama Oscar na bao?" Yaani nao wamekuja kumtazama Oscar kama sisi. Hapo hapo akazima TV.

Viza ya F1

@Lushois umenikumbusha. Watu walikuwa wanashangaa kwa nini Oscar hapati dili za matangazo kama wenzake wakati sheria ya NIL, ya kuruhusu wachezaji kulipwa kwa jina na sura yao, ilishafunguliwa Julai 2021. Sisi wa F-1, viza ya wanafunzi kama yake, hatukushangaa. Mimi naruhusiwa kazi za hapa chuoni masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, nikitoka nje ya hapo nimejiharibia. Yeye ilibidi timu iende Bahamas Agosti 2022 kucheza mechi za kirafiki ndio afanyie dili zake huko, nje ya ardhi ya Marekani.

Nawaambia hivi kwa sababu watu wakihesabu kina cha timu, yaani wachezaji wazuri wa akiba, wanasahau hiyo. Dogo wa Marekani aliye wa tisa kwenye benchi anaweza kupata mkwanja wa kumfanya atulie. Dogo kutoka kwetu hesabu zake ni ngumu zaidi hata kama ni bora kuliko wote. Endeleeni.

Chang'ombe Kikapu

Nyie mnaongelea juzi. Mimi niko Dar na timu yangu ni UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, tangu siku Hasheem Thabeet alipokwenda kule 2006, kijana kutoka Makongo, urefu wa futi saba na zaidi, aliyeanza mpira akiwa mkubwa tayari.

Machi 2009, UConn na Syracuse pale Madison Square Garden. Kwa saa za kwetu ilianza alfajiri. Video hakuna, intaneti ya modemu, nafungua ukurasa wa matokeo nausubiri ujae mstari kwa mstari, nikibonyeza kuonyesha upya nakwenda kuchemsha chai narudi. Dakika za nyongeza za kwanza. Za pili. Za tatu, nikadhani mtandao umeganda. Zikafika sita! Mambo yakaisha saa mbili imeshapita asubuhi, Syracuse 127, sisi 117. Wachezaji wanane walitolewa kwa fauli tano tano, na Thabeet akiwemo. Fikiria mechi imebaki na watu ambao kocha mwenyewe hakupanga kuwatumia. Nilichelewa kazini nikasema foleni, na kwa Dar nani atakataa.

Ila kinachoniuma hadi leo sio hiyo. Ni kwamba Februari ya mwaka huo Jerome Dyson aliumia goti akamaliza msimu. Watu waliona Thabeet yupo, A.J. Price yupo, Jeff Adrien yupo, wakasema Dyson atafidiwa. Tukafika Final Four, nusu fainali, kule Detroit, Michigan State wakaja na benchi ndefu wanabadilisha tu wanakimbia tu, 82-73. Hasheem alijitahidi, pumzi ya wenzake ilikuwa imeshakwisha. Miezi michache baadaye alichaguliwa namba 2 NBA na Memphis na Tanzania nzima ikafurahi, mimi nikafurahi huku nina kinyongo na goti la mtu.

Msee wa Madison

Aii wacha niwapinge kidogo. Mimi ni Wisconsin, nilisomea hapo, na naona hii story ya depth, hicho kina, mnaipea sifa mob sana.

2014-15 Kentucky ya Calipari ilikuwa na watu wengi wazuri mpaka akawagawa vikosi viwili, watano wanaingia watano wanatoka kama wanabadilisha shifti. Devin Booker, huyu wa NBA mnayemjua, alikuwa anatoka benchi. Karl-Anthony Towns aliyechaguliwa namba 1 alikuwa anacheza kama dakika 21 tu. Sita wakachaguliwa NBA mwaka huo kutoka timu moja, buda sita! Wakafika Final Four 38-0, mbio ya kumaliza bila kupoteza. Na sisi Wisconsin tukiwa na Frank Kaminsky, Sam Dekker na rotesheni ya watu saba hivi tukawafunga 71-64.

Nilikuwa Madison hiyo usiku, State Street ilijaa mpaka huwezi inua mkono. Swali langu ni hili, hao watu wote wa benchi walisaidia nini dakika tano za mwisho? Ukiwa na watu kumi wazuri hakuna anayejua mpira ukichemka ni wa nani. Sisi tulijua. Mpe Frank.

Kawempe Blue Devil

@Msee wa Madison hahaha ndugu yangu mbona umekatia story hapo Jumamosi? Jumatatu yake kulikuwa na fainali. Malizia.

Haya ngoja nimalizie mimi. Duke na Wisconsin, kipindi cha pili nyinyi mko mbele kwa pointi tisa, Justise Winslow na Jahlil Okafor wana fauli, kocha wetu Mike Krzyzewski anageuka benchi anamwingiza Grayson Allen, mwaka wa kwanza, dogo ambaye msimu mzima alikuwa na wastani wa pointi nne na kitu, nani alimjua? Akafunga 16. Mkapoteza 68-63. Sasa hiyo saba yenu ilienda wapi?

Lakini nisijifanye mjuaji, na mimi nimezikwa. Khaman Maluach hapa kwetu Kampala ni mtoto wa mtaa, familia ilikimbia Sudan Kusini yeye akiwa mdogo akakulia Kawempe, akaenda academy ya NBA kule Senegal, Olimpiki ya Paris 2024 akaichezea Sudan Kusini akiwa bado ana miaka 17, halafu Duke. Mwaka wake kina tulikuwa nacho, nyota tulikuwa nazo, Cooper Flagg, Kon Knueppel. Aprili 2025 San Antonio dhidi ya Houston, sekunde kama 35 zimebaki tuko mbele kwa sita. Huku ilikuwa asubuhi, tuko kibanda cha mpira wale waliokesha wanaanza kuimba. Mnajua kilichotokea, 70-67 Houston. Khaman, mtu wa futi saba, siku hiyo hakupata ribaundi hata moja. Houston hawakuwa na mtu mrefu kama yeye hata mmoja, walikuwa na watu wengi wanaosukumana bila kuchoka, huyu akitoka anakuja mwingine anasukuma vile vile. Hiyo ndiyo depth ninayoitaka mimi sasa, wa nyota tatu wenye mabega.

Namba Kumi na Mbili

Nichangie kwa upande ambao hamuuoni kwenye TV. Mimi nilicheza miaka miwili chuo cha jamii cha miaka miwili, jina tuache, sikuwa mtu, nilikuwa wa kumi na mbili. Kazi ya wa kumi na mbili ni kuwa adui. Wiki ile mnacheza na timu yenye mpigaji wa mbali, kocha ananiambia wewe wiki hii ndiye yeye, piga popote ukipata nafasi. Wiki nyingine unakuwa senta mchafu. Unasoma mifumo ya watu wengine kuliko ya kwenu.

Kwa hiyo mashabiki mkisema timu haina kina mnaangalia dakika za mechi, mimi naangalia mazoezi. Kama wa nane hadi wa kumi na mbili ni wepesi, wale watano wa kwanza wanafika Januari hawajawahi kusukumwa na mtu. Wanaonekana wazuri Novemba kwa sababu wanacheza na vyuo vidogo vilivyolipwa kuja kufungwa. Kukianza mechi za konferensi, ligi ya vyuo vya kundi lenu, za ugenini ndio unajua.

Na potali imeharibu hapo. Tangu 2021 mtu anahama na kucheza moja kwa moja, na kuanzia 2024 unahama mara ngapi sijui wewe tu. Zamani wa tisa alikuwa anavumilia, mwaka wa tatu anakuwa wa kwanza. Sasa wa tisa ikifika Aprili hayupo. Perry mwenyewe mnayemsifia hapo juu si alihamia chuo cha Ole Miss 2025?

Mzee wa Lexington

Duh hilo la Perry limenichoma lakini kweli. Mtoto wa hapa, rekodi ya jimbo, mwaka mmoja kaondoka. Nilikuwa nimeshamnunulia mwanangu jezi yake.

@Msee wa Madison nikupe na ya mtoano wa 2024 dhidi ya chuo cha Oakland maana hujaridhika. Sisi benchi yetu mwaka ule ilikuwa Reed Sheppard na Rob Dillingham, mmoja alichaguliwa namba 3 NBA mwingine namba 8, benchi! Na bado aliyetufukuza ni mtu wa benchi pia, Jack Gohlke, katokea Hillsdale huko daraja la pili, alirusha ishirini zote za pointi tatu zikaingia kumi, 80-76. Ofisini kwetu kuna jamaa mpaka leo ukimtajia Gohlke anatoka chumba.

Sasa turudi msimu huu wa 2025-26. Oweh kabaki. Jaland Lowe kaja kutoka Pitt, Dioubate kutoka Alabama, Kam Williams kutoka Tulane. Jayden Quaintance katoka Arizona State lakini goti lilifanyiwa upasuaji Machi 2025, kwa hiyo msimpange Novemba. Malachi Moreno futi saba, mtoto wa Georgetown hapo jirani, kachukua ubingwa wa jimbo na Great Crossing ndani ya Rupp Arena, uwanja wetu. Mimi ninayemtazama ni Denzel Aberdeen, alikuwa Florida ile iliyochukua ubingwa Aprili 2025 kwa kuifunga Houston 65-63, na alikuwa anatokea benchi. Mtu aliyezoea kukaa akaingia akiwa moto. Lowe akipata shida yoyote, mpira anashika Aberdeen au dogo Jasper Johnson?

Lushois

Aberdeen. Johnson ni mzuri sana lakini ni wa mwaka wa kwanza na anapenda kufunga kwanza. Mama anauliza kama Oscar anaweza kurudi.

Msee wa Madison

Johnson. Mpe mtoto mpira akosee Novemba kuliko akosee Machi. Na Grayson Allen msinitajie tena, nimeomba kwa heshima.

Namba Kumi na Mbili

Wote wawili uwanjani pamoja, Oweh akasimame pembeni akabe yule mrefu. Pope anapenda watu wanaopiga mbali, mtaniambia. Ila nani anamkaba senta wa wapinzani Moreno akiwa na fauli mbili kabla ya mapumziko? Garrison peke yake? Hapo ndipo mimi sijalala.